Walter White wa Kenya hana digrii

Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Membley, stori za sinema zikaanza. Boy mmoja akaniangalia akasema, "Si wewe ulisoma kemia? Ungetafuta genge uwapikie, saa hii ungekuwa na gari." Kinyozi kizima kikacheka, hata mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na kitu nilichobaki nacho ni koti jeupe la maabara ambalo mathe huvaa akilisha kuku.

Utani wenyewe ulitoka kwa Breaking Bad, iliyoonyeshwa 2008 hadi 2013. Walter White ni mwalimu wa kemia, anapatikana na saratani, anaanza kupika meth, na baadaye anapikia genge la Gus Fring kwenye maabara iliyofichwa chini ya kiwanda cha kufulia nguo. Tunampenda kwa sababu ni mkali wa kazi yake. Watu wanakufa kushoto kulia, lakini vipimo vyake haviendi kombo, basi tunamsamehe.

Nikarudi keja nikijiuliza: hapa kwetu, mwanasayansi wa magenge amekuwa nani?

Najua mtasema Akasha. Sawa. Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa Mombasa Novemba 2014, wakapelekwa Marekani Januari 2017, na Oktoba 2018 wakakiri makosa huko New York, kesi ya heroini na meth ikiwemo. Baktash akafungwa miaka 25, Ibrahim 23. Lakini hao walikuwa watu wa biashara na bunduki. Hakuna hata mmoja wao aliyejulikana kwa koti jeupe.

Kemia ya uhalifu iliyozika watu wa mitaa yetu ilikuwa kwenye glasi ya shilingi kumi.

Novemba 2000, Mukuru, Nairobi: watu walikunywa kumi kumi, zaidi ya 100 wakafa, wengine wakapofuka. 2005, Machakos: karibu 50. Mei 2014, Embu, Kitui, Makueni na hata Kiambu yetu hii: makumi ya watu ndani ya siku chache. Februari 2024, Kangai, Kirinyaga: watu wasiopungua 17.

Hiyo 2014 nilikuwa darasa la tano. Tulikuwa na jirani, fundi wa mawe, mtu wa kucheka sana. Siku moja aliamka akauliza mbona stima imepotea. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nyumba alizojenga bado zimesimama, lakini yeye huvushwa barabara na mtoto wake.

Sasa hapa ndio ile miaka yangu miwili ya chuo inasaidia. Pombe ya kawaida ni ethanoli. Methanoli ni ndugu yake: haina rangi, harufu inakaribiana, inalewesha pia. Ni kemikali ya viwandani, haikutengenezwa inywewe. Ukiinywa, ini lako linaigeuza kuwa formaldehidi, halafu asidi ya fomiki, asidi ambayo sisimizi wengine hutumia kama sumu. Hiyo inashambulia neva ya macho. Ubaya ni kwamba haikushtui mara moja. Unaweza kumaliza saa 12, hata 24, ukidhani ni pombe ya jana tu, unalala, na mabeshte wanakuacha ulale.

Kwa hivyo Walter White wetu ni nani? Ni mtu yuko nyuma ya nyumba na mtungi wa plastiki, hajui amenunua nini, au anajua na hajali. Genge lake halihitaji akili nyingi. Linahitaji mtu wa kuchanganya, mtu wa kusambaza na mtu wa kufumba macho. Sijawahi kusikia muratina ya guka ikipofusha kijiji kizima. Vifo vya namna hii vinafuata methanoli ya viwandani, na hiyo haipikwi kwenye sufuria ya shosho. Kuna mahali inatoka, na kuna mtu anaiuza.

Angalia sheria sasa. 1980 chang'aa ikapigwa marufuku. Miaka 30 karao wakakimbizana na akina mama na mitungi yao mtoni. 2010 sheria ya Mututho ikairuhusu, bora iwe kwenye chupa yenye lebo. Miaka minne baadaye ikaja Mei 2014. Julai 2015 Rais Uhuru akaamuru msako, wabunge wakavunja maghala kamera zikiwaka. Na bado tukafika Kangai, ambapo serikali yenyewe ilisema pombe hiyo ilikuwa imekamatwa, ikawekwa kituo cha polisi kama ushahidi, halafu ikaibwa na kurudi baa. Hapo hata kemia haikuhitajika. Ilihitajika ufunguo wa stoo tu.

Maoni yangu ni haya. Sinema imetuzoesha kutafuta jambazi mwerevu, ndiyo maana hawa wetu hatuwaoni. Tunamtoroka anayepika, tunamcheka mlevi, na hakuna anayeuliza methanoli iliuzwa na nani, kwa risiti gani.

Na kabla uendelee kuskroli: mtu wako akinywa kitu halafu kesho yake aseme anaona ukungu, ama macho yamejaa theluji, usimwambie alale. Mpeleke hospitali mara moja. Dawa ya kuzuia ini kutengeneza hiyo sumu ipo, kusafisha damu kwa mashine kupo, lakini saa zinahesabika.

Boy wa kinyozi, jibu lako ni hili: hayo magenge hayaajiri watu wa kemia. Mtu wa kemia angewasomea lebo ya mtungi.