Ufundi simu: mlango wa karibu wa kazi ya teknolojia

Vijana wengi wanaotuandikia huuliza swali moja: "Nimemaliza kidato cha nne, sina kompyuta wala hela ya chuo. Naweza kufanya kazi ya teknolojia?" Jibu letu ni ndiyo, na kwa aliyeko kijijini mlango wa karibu ni ufundi simu.

Uanze na nini?

Wengi hukimbilia kubadilisha vioo. Anza na umeme: volti, mkondo na matumizi ya mita. Tafuta fundi mzoefu, kaa naye, ukubaliane naye mapema muda na malipo.

Chukua mfano wa simu isiyochaji. Jaribu kwanza chaja na waya mwingine. Kisha angalia tundu la chaji, maana mara nyingi limejaa vumbi. Halafu pima betri. Kufungua ubao ni hatua ya mwisho. Fundi asiyepima hubadilisha kifaa kizima na kumtia mteja hasara. Betri iliyovimba usiitoboe, inaweza kulipuka moto.

Vifaa vya kuanzia ni mita, bisibisi ndogo, kibanio, pasi ya kulehemu na risasi yake, brashi na spiriti ya kusafishia. Vingine utanunua kazi ikiingia.

Cheti utapata wapi?

VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo mikoani. Uliza chuo cha karibu kama kinafundisha ufundi simu. Kama tayari umejifunzia kibandani, uliza kuhusu urasimishaji ujuzi: unapimwa kwa kazi unayoijua, na ukifaulu unapewa cheti bila kurudi darasani miaka. Jua ada na tarehe kabla hujapanda basi.

Linda jina lako

Simu ya mteja ina picha zake, ujumbe wake na pesa zake. Usimuulize namba ya siri ya pesa, na usifungue yasiyokuhusu. Kijijini, habari ya fundi mdokozi hufika kabla yake.

Weka daftari. Andika jina la mteja, kasoro ya simu na namba ya IMEI, ambayo huonekana ukibonyeza *#06#. Simu ikija kudaiwa kuwa ya wizi, daftari litaonyesha nani aliileta. Atakayekuomba ubadilishe IMEI, mkatalie: ni kosa kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Tahadhari kwa wazazi

Anayemwahidi mwanao kazi ya mtandaoni, kisha akadai "ada ya usajili" kwanza, mkimbie. Mbuzi akishauzwa, hela hairudi. Hela hiyo hiyo inaweza kununua mita na bisibisi.

Ukishaizoea mita, kompyuta, sola na kamera za ulinzi hazitakuwa ngeni kwako: ni umeme uleule. Anza na simu moja mbovu iliyolala nyumbani.