Wapagazi wa Vita Kuu na Jamaa Zao

Wakati wa jubilei twahesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na majina ya waliotutangulia. Liko kundi moja la watu ambalo katika hesabu hizo husahauliwa mara nyingi, nalo ni wapagazi wa Vita Kuu ya mwaka 1914 mpaka 1918. Twapenda kuwakumbuka hapa, wao na jamaa zao.

Vita ilipoingia Afrika ya Mashariki, njia za magari zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo waliuawa na ndorobo. Kwa hiyo risasi, unga na dawa vilichukuliwa kwa vichwa na mabega ya watu. Upande wa Waingereza peke yao walitumika watu wapatao milioni moja. Jeshi hilo la wachukuzi liliitwa Carrier Corps, na vinywa vya watu vikalifanya Kariakoo. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina yao hapo.

Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa kuhara damu, homa ya mapafu, na chakula wasichokizoea. Mtu aliyelelewa kwa ndizi alipewa unga wa mahindi, naye hakuwa na nafasi ya kuupika hata ukaiva. Vifo vilivyoandikwa vyapita 40,000, na wachunguzi wa historia hukisia kuwa vilikaribia 100,000.

Hata hivyo wako waliokwenda pamoja na watu waliowajua. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Unguja alikusanya kikosi cha wapagazi, akakiongoza mwenyewe barani. Vita ilipokwisha, mwaka 1920, aliandika kijitabu cha kupinga kazi ya kulazimishwa. Mwaka 1917 Daktari John Arthur, wa misheni ya Kiskoti huko Kikuyu, alitoka na kikosi cha watu wa misheni, na vifo vyao vilikuwa vichache kuliko vya wapagazi wengine. Mtu akiwa na kiongozi ajuaye jina lake na kwao, ugonjwa wake huonekana mapema.

Je, waliobaki nyumbani? Shamba lilikosa mikono. Majeshi yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka, na huko Ugogo ikaja njaa iliyoitwa Mtunya, tangu 1917 hata 1920. Mwaka 1918 yakafuata mafua makali yaliyoenea dunia nzima. Mpagazi aliyekufa bila jina lake na kijiji chake kuandikwa vema, mshahara wake haukumfikia mjane. Fedha nyingi za namna hiyo zilibaki bila kudaiwa, na warithi hawakuzipata. Waliowalisha yatima hao ni ndugu na jirani, nao wenyewe walikuwa na njaa.

Mwaka 1927 sanamu ya Askari ilisimamishwa Dar es Salaam. Lakini makaburi ya wapagazi walio wengi hayana alama. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina yao, na ikaomba radhi.

Basi twajifunza nini? Kwamba msaada wa kwanza kwa mtu aendaye vitani, na kwa mkewe na watoto wake, ni kuandikwa vema: jina lake, kwao, na warithi wake. Pasipo hayo, hata mwenye nia njema hajui ampe nani. Enyi walimu, waulizeni wazee ni nani katika ukoo wao aliyekwenda Kariakoo asirudi, mkayaandike majina hayo katika daftari ya shule. Na akiwapo leo kijijini mjane wa askari asiyejua kusoma karatasi zake, asisubiri mpaka aombe. Mwenye kujua kusoma na aende kwake.