Dawa za Pumu na Fundisho Lake

Katika vijiji vyetu vya Bengamisa, kando ya barabara ya Kisangani kwenda Buta, wako watu ambao usiku hawalali. Hukaa kitandani, mabega juu, wakitafuta pumzi. Majirani husema wamerogwa. Sivyo. Huo ni ugonjwa wa pumu, na historia ya dawa zake yatufundisha jambo.

Wachina wa kale walichemsha mmea uitwao ma huang ili kutuliza pumu. Mwaka 1885 Mjapani Nagai alitoa ndani ya mmea huo dawa ya efedrini. Mwaka 1901 Takamine, Mjapani mwingine, alitangaza adrenalini. Dawa hizi zilifungua njia za pumzi, lakini ziliusukuma moyo mbio.

Huko Marekani binti wa miaka 13 alimwuliza baba yake, George Maison, mkuu wa kampuni ya dawa: Kwa nini dawa yangu isitiwe katika kopo la kunyunyizia, kama dawa ya nywele? Swali la mtoto halikudharauliwa. Mwaka 1956 pampu za kwanza za namna hiyo zilianza kuuzwa.

Furaha ilikuwa kubwa, kisha ukaja msiba. Katika miaka ya 1960, vifo vya pumu viliongezeka Uingereza, hata miongoni mwa vijana. Waganga walichunguza, wakashuku pampu zenye dawa kali zilizovutwa kupita kiasi. Mgonjwa alipata nafuu ya muda mfupi, akachelewa kwenda hospitali. Kumbe uvimbe ndani ya mapafu ulizidi.

Mwaka 1969 ikaja salbutamoli, isiyousumbua sana moyo. Mwaka 1972 ikaja beklometasoni ya kuvuta, ambayo hupunguza uvimbe wenyewe. Na tangu mwaka 2019 wataalamu wa pumu duniani hushauri kwamba mtu mzima asitegemee salbutamoli peke yake.

Basi tukumbuke: kupata nafuu si kupona. Mwenye pumu amwulize mganga dawa ya kuzuia uvimbe, wala asiiache siku anapojisikia vizuri. Na sisi jamaa zake tumwepushe na moshi wa jiko, tumpeleke hospitali mapema, tuache kumtafuta mchawi. Pumzi ni zawadi ya Mungu. Kuilinda ni wajibu wetu.