Farasi Anayekimbizwa

Kwa miaka miwili nilicheza chesi kwa njia moja tu. Nikiwa na kete nyeusi, mpinzani akisukuma poni ya mfalme hatua mbili, mimi nasukuma yangu moja. Ulinzi wa Kifaransa. Nilikuwa nimeukariri hatua nane za mwanzo, bila kufikiri. Ya tisa ikifika, jasho. Alama zangu kwenye simu zilikwama palepale, usiku baada ya usiku, bando ikiisha.

Aliyenishtukia ni mzee mmoja fundi viatu mtaani kwetu. Yeye huuita mchezo huu sataranji, kama alivyousikia akikua Mombasa. Siku moja, baada ya kunishinda mara ya tatu kabla ya chai kupoa, akaniambia, "Kijana, wewe huchezi. Wewe unasoma risala."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Nikarudi kwa historia, somo nililoliacha mwaka wa pili karo iliponishinda, nione waliokwama kama mimi walitokaje.

Nikafika Reykjavik, Iceland, mwaka wa 1972. Bobby Fischer, Mmarekani wa miaka 29, anamkabili bingwa wa dunia Boris Spassky. Taji limekuwa mikononi mwa Wasovieti tangu 1948, na Fischer hajawahi kumshinda Spassky hata mara moja. Mchezo wa kwanza akapoteza. Wa pili hakutokea kabisa, akigombana kuhusu kamera. Mbili bila.

Sasa, kila mtu alijua Fischer akiwa na nyeupe ataanzaje: poni ya mfalme, karibu maisha yake yote. Wasovieti walikuwa wamejiandaa kwa hilo. Mchezo wa sita akasukuma poni ya askofu wa malkia, na mchezo ukaangukia Gambiti ya Malkia, uwanja alioukwepa miaka nenda miaka rudi. Alishinda vizuri sana, hadi Spassky mwenyewe akapiga makofi pamoja na watazamaji.

Lakini mimi nilinaswa na mchezo wa 13. Fischer akiwa na nyeusi alitoa farasi kwa hatua ya kwanza kabisa: Ulinzi wa Alekhine, silaha aliyoitumia mara chache. Jina linatokana na Alexander Alekhine, aliyeucheza Budapest mwaka wa 1921, mwaka uleule alioondoka Urusi ya Wabolsheviki asirudi tena. Ukiutazama, utadhani ni wazimu. Farasi anatoka, poni inamfukuza. Anahama, poni nyingine inamfukuza. Katikati ya ubao panajaa poni nyeupe, na wewe huna cha kuonyesha ila farasi aliyechoka.

Ila poni hairudi nyuma. Kila inapopiga hatua, inaacha nafasi isiyolindwa, na ikisonga sana inahitaji kulindwa yenyewe. Hapo ndipo nyeusi huanza kuguguna. Mchezo ule ulifika hatua 74. Ngome ya Fischer ilikuwa imefungiwa pembeni haiwezi kutoka, lakini poni zake zikaishinda ngome ya Spassky. Septemba 1 akawa bingwa, 12½ kwa 8½.

Nikaujaribu Alekhine. Nilipoteza michezo kumi na moja mfululizo, na alama zikaporomoka hadi nikaona aibu kufungua simu. Mtu aliyeacha chuo anajua hisia hiyo: umetoka njia inayojulikana, na kila anayekutazama anaona umepotea tu. Lakini sikuwa na cha kukariri, kwa hivyo nililazimika kujiuliza kila hatua: hii poni yake inalindwa na nini?

Nilipourudia Ulinzi wa Kifaransa, nilishangaa. Poni ileile nyeupe iliyomfukuza farasi wangu ilikuwa imesimama palepale, mraba uleule, na hatua nilizokuwa nikizikariri miaka miwili zilikuwa mashambulizi dhidi ya msingi wake. Nilikuwa nikizicheza bila kujua zinatafuta nini.

Wiki iliyopita nilimshinda mzee kwa mara ya kwanza, kwa Kifaransa. Alitazama ubao kitambo, akapanga kete upya, akageuza ubao nichukue nyeupe. Kisha akasukuma farasi wake nje.