Likizo ya Bwana na Bibi Workman

Mhadhiri alipotutaka tuandike juu ya safari katika historia, wenzangu wengi walimkimbilia Stanley au Livingstone. Mimi nilichagua mume na mke walioacha kazi wakaenda kuizunguka dunia, nikidhani nimepata kisa chepesi cha mapenzi na baiskeli. Nilikosea.

William Hunter Workman alikuwa daktari mjini Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwaka 1882 alimwoa Fanny Bullock, binti wa aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hilo. Afya ya William ilipodhoofika aliacha udaktari, na mwaka 1889 wakahamia Ujerumani. Wote wawili walirithi mali nyingi kutoka kwa wazazi wao. Hilo tuliweke mbele kabla hatujausifu ujasiri wao, kwa sababu mtu asiye na urithi akiugua huacha kazi pia, lakini haendi Java.

Walikuwa na watoto wawili. Siegfried alifariki mwaka 1893 akiwa bado mdogo. Rachel, aliyezaliwa 1884, alikulia mikononi mwa walezi na katika shule za bweni. Baada ya msiba wa Siegfried wazazi hawa walizidi kusafiri. Walipita Algeria na Hispania kwa baiskeli, kisha mwaka 1897 wakaanza safari ya miaka miwili na nusu katika Seilani, India, Burma na Java. Inasemekana waliendesha karibu kilomita 22,000, Fanny akiwa amevaa sketi ndefu. Sijui ni wangapi kati yetu wangeweza kutoka Mbarara hadi Kabale tu kwa namna hiyo.

Walipoiona milima ya Himalaya, baiskeli zikawekwa kando. Kwa zaidi ya miaka kumi walirudi huko mara kwa mara, wakipanda, wakipima na kupiga picha. Napenda jinsi walivyogawana kazi: msimu mmoja mke alisimamia mipango ya safari na mume akashughulikia sayansi, msimu uliofuata wakabadilishana. Mwaka 1906 Fanny, mwenye umri wa miaka 47, alifika Pinnacle Peak, mlima wenye mita 6,930, urefu ambao hakuna mwanamke aliyejulikana kuufikia kabla yake. Mmarekani mwenzake Annie Peck alipodai kumpita kwa kupanda Huascarán kule Peru, Fanny alilipa dola 13,000 ili wapimaji wa Kifaransa waende kuupima mlima ule. Ulionekana kuwa mfupi kuliko Peck alivyodhani. Kwa fedha hizo nadhani mtu angeweza kununua nyumba kadhaa, lakini yeye alinunua uhakika kwamba hajapitwa.

Hadi hapo nilikuwa nimeandika kurasa mbili za sifa. Wakati wa likizo nilimsomea babu kule Kasese. Ujana wake babu alibeba mizigo ya wapanda Rwenzori, kamba ikiwa kwenye paji la uso kama Wakonzo walivyozoea. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Mjukuu wangu, na unga alibeba nani?”

Nikarudi kusoma upya. Mizigo yao ilibebwa na makumi ya watu wa Baltistan na Kashmir, wakati mwingine zaidi ya mia. Mara kwa mara watu hao waligoma, na safari moja wengi walitoroka usiku na unga. Bwana na Bibi Workman waliandika kwamba wapagazi ni wavivu na waongo. Lakini Kenneth Mason, mpima ardhi aliyeandika historia ya upandaji wa Himalaya, aliona kosa lilikuwa la mabwana wenyewe: hawakuwa na subira, wala hawakujali kuwaelewa watu wao. Mtu aliyetolewa shambani wakati wa kazi, akapelekwa kwenye barafu bila viatu vya kufaa, akiubeba unga anampima nao tajiri wake.

Mwaka huohuo wa 1906, Luigi Amedeo wa ukoo wa kifalme wa Italia alikuwa kwetu Rwenzori, akakifikia kilele cha Margherita tarehe 18 Juni. Waongozaji wake walitoka bonde la Aosta, kama alivyotoka Savoye, mwongozaji wa Bibi Workman. Chini yao, Asia na hapa, walikuwepo watu wenye kamba na mizigo.

Mwaka 1912, kwenye barafu ya Siachen, mpagazi Mwitalia aitwaye Chenoz alitumbukia katika ufa, akafa. Fanny alikuwa karibu sana na ufa huo. Safari iliendelea, na kwenye barafu hiyohiyo Fanny alipigwa picha ameshika gazeti la kudai kura kwa wanawake. Jina la Chenoz limeandikwa vitabuni. La Mbalti hata mmoja sijalikuta katika niliyoyasoma, na nimeyasoma mara mbili.

Nilipompigia babu simu kumweleza, hakushangaa. Alinitajia wanaume sita aliobeba nao, mmoja baada ya mwingine, pamoja na vijiji vyao, akasema niandike.