Goti la Pembe

Tarehe 20 Mei 1890, mjini Berlin, daktari mpasuaji Themistocles Gluck alifungua goti la binti wa miaka 17, akaondoa mifupa iliyoliwa na kifua kikuu, akaweka mahali pake bawaba iliyochongwa kwa pembe ya ndovu. Binti akaondoka na goti la tembo.

Sisi wa Kirua Vunjo hatuwezi kusoma habari hiyo kama ya Wazungu peke yao. Miaka ile Zanzibar ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya pembe duniani, na misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipumzika chini ya Kilimanjaro, ikinunua kwa Wachagga vyakula na pembe. Wazungu walitengenezea pembe mipira ya biliadi na vibonyezo vya piano. Gluck akatengenezea magoti. Mwaka uleule wa 1890 wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni Kilema, jirani zetu, na Julai mosi, hukohuko Berlin, Wajerumani na Waingereza walitia sahihi mkataba wa kugawana mamlaka huku kwetu, Zanzibar ikaangukia kwa Waingereza.

Agosti, madaktari wa dunia wakakutana Berlin. Robert Koch, aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alitangaza kwamba amepata kitu cha kuwazuia. Kikaitwa tuberkulini, wagonjwa wakamiminika, na hakikuponya. Gluck naye alitaka kuonyesha viungo vyake, lakini mwalimu wake, Ernst von Bergmann, alimzuia. Wengi humsimulia Bergmann kama mzee mwenye wivu. Mimi namtetea kidogo. Gluck alikuwa ameweka pembe ndani ya kiota cha bakteria. Wagonjwa walipata nafuu kwa muda, kisha usaha ukarudi, na baadhi ya bawaba zikabidi kutolewa.

Kosa halikuwa la pembe. Hata chuma safi cha leo kina udhaifu uleule: hakina mishipa ya damu. Nyama hai ikivamiwa, damu huleta chembe nyeupe na dawa. Chuma hakiletewi kitu. Bakteria wachache, mara nyingi stafilokoki wanaoishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu, wakikigusa hujishikiza, huzaana na kujifunika kwa utando wa ute. Ndani ya utando huo wengine hulala, na dawa nyingi huua bakteria wanaokua, si waliolala. Vidonge huua walio nje, homa inashuka, watu wanashukuru Mungu, na wa ndani wanasubiri. Wanaweza kuingia siku ya upasuaji, au miaka baadaye, kwa njia ya damu, kutoka kwenye jino bovu au kidonda cha mguu.

John Charnley, Mwingereza aliyeweka nyonga ya chuma na plastiki kwa mafanikio mwaka 1962 katika hospitali ya Wrightington, alilielewa hilo kwa uchungu. Mwanzoni wagonjwa zaidi ya 6 katika kila 100 walipata maambukizi. Akajenga kijumba cha hewa iliyochujwa ndani ya chumba cha upasuaji, akawavalisha wasaidizi mavazi yenye mirija ya kuvuta pumzi yao nje, na hesabu ikashuka hadi chini ya mmoja. Kwangu mimi kile kijumba ni uvumbuzi mkubwa kuliko nyonga yenyewe.

Huku Moshi ukisema "kiungo bandia" watu hufikiria miguu ya kuvaa na kuvua, na si ajabu: tangu 1981 KCMC ina chuo cha kufundisha mafundi wake, TATCOT. Lakini cha bibi yangu hakivuliki.

Bibi alipanda na kushuka Kirua miaka hamsini na mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka tambarare. Goti likaisha. Ukoo ukachanga, akawekewa la chuma, akatembea mwenyewe hadi kanisani. Mwezi wa nane goti likapata joto, kisha kitundu kidogo kikaanza kutoa maji. Vidonge vikakikausha. Kikarudi. Mara ya tatu daktari alituketisha: chuma kitoke, pasafishwe, pawekwe saruji ya mifupa iliyochanganywa na antibiotiki, adungwe dawa kwa wiki kadhaa, na pakitulia ndipo awekewe kingine. Kuchanganya dawa kwenye saruji kulianzia Hamburg, kwa Hans Wilhelm Buchholz, mwaka 1970. Dawa huvuja taratibu palepale ambapo damu haifiki.

Baba mdogo aliuliza bei. Mimi niliuliza kama hakuna vidonge vikali zaidi. Bibi aliuliza, "Kikitoka hicho, nitakanyagia nini?"

Akakubali. Sasa ana saruji gotini, mguu umenyooka kama mwiko, anakaa chini ya mgomba akiamuru nani akate majani. Jioni moja nilimsimulia habari ya Berlin, nikadhani atashangaa pembe. Pembe hazikumshangaza, babu yake alizijua. Alitaka habari za yule binti.

"Alitembea?"

Nikamwambia wagonjwa wa Gluck walitembea kwa muda.

"Muda gani?" akauliza, akauvuta mguu wake karibu kwa mikono miwili.