Nasaba za askari wa Kibra: ndoa na maziko

Kibra, kusini-magharibi ya katikati ya jiji la Nairobi, ni makao ya Wanubi, wajukuu wa askari wa King's African Rifles (KAR). Jina lenyewe kwa Kinubi ni pori au msitu; wageni ndio walioligeuza kuwa Kibera.

Asili
Wengi wa mababu hao walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, kusini mwa Sudan. Mwaka 1891 afisa Mwingereza Frederick Lugard aliwachukua Kavalli, karibu na Ziwa Albert, wakiwa chini ya kamanda wao Selim Bey, pamoja na wake na watoto wao. KAR ilipoundwa mwaka 1902 waliingizwa humo. Eneo la Kibra lilitengwa kwa ajili yao mwaka 1904, likapimwa mwaka 1917 kuwa ekari 4,197, na kutangazwa rasmi mwaka 1918. Jeshi liliwapa askari wastaafu vyeti vya shamba. Laini Saba, Makina, Lindi na Kambi Lendu ni vijiji vya enzi hizo.


 

Ndoa
Askari alioa kila alikohamishiwa, na kwa sababu hiyo ukoo mmoja wa Kibra huwa na bibi Mlendu, Mbari, Mganda au Mkikuyu. Sheria ya mwaka 1906 iliweka utaratibu wa kuandikisha ndoa na talaka za Kiislamu. Lakini nikaha ilifungwa nyumbani mbele ya shehe, walii na mashahidi wawili, na ilitimia hata isipoandikwa popote. Kilichobaki ni kumbukumbu ya wanawake: nani alitolewa nyumba gani, mahari yalikuwa nini, doluka, ngoma ya Kinubi, ilipigwa siku ngapi. Anayetafuta nasaba na aanze kwa bibi mzee, kabla ya kwenda ofisini.

Majina huwatesa watafutaji kuliko kitu kingine. Wanubi hawakuwa na jina la ukoo lisilobadilika; mtoto alifuata jina la baba, na la baba likafuata la babu. Karani wa jeshi naye aliandika alivyosikia: Rehani, Rihan na Rehan huenda wakawa mtu mmoja. Namba ya askari ni ushahidi bora kuliko jina lake.

Maziko
Maiti ilioshwa, ikavishwa sanda, ikaswaliwa na kuzikwa upesi. Makaburi mengi ya zamani ya Kibra hayana maandishi: ni tuta la udongo lililozama, jiwe kichwani, jiwe miguuni. Wazee huyatambua kwa mti, kwa njia, au kwa kaburi la jirani. Mzee mmoja akifariki, safu nzima hupoteza majina.

Serikali haikusaidia. Uandikishaji wa vifo vya Waafrika ulipanuliwa wilaya baada ya wilaya kuanzia mwaka 1963, ukaenea nchi nzima mwaka 1971. Sanamu ya Askari iliyopo Kenyatta Avenue, ya mwaka 1928, inawaenzi askari na wapagazi wa vita vya 1914–1918 bila kumtaja hata mmoja kwa jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakupewa heshima sawa na Wazungu, ikaomba radhi. Waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia wana makaburi yenye majina huko Ngong Road, yaliyofunguliwa mwaka 1941.

Nyaraka
Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, ina mafaili ya ardhi ya Kibra. Kumbukumbu nyingine za KAR ziko Kew, London.

Hali ya sasa
Kijana Mnubi aliyeomba kitambulisho alikuwa akitakiwa na kamati ya ukaguzi kuonyesha karatasi za babu yake. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi. Juni 2017 jamii ilipewa hati ya ekari 288.